Riale Niliyoichuna Ngozi

Sogeeni karibu, wewe Kendi binti yangu na wewe Mwenda ndugu yangu mdogo, niliyekulea mpaka ukaota ndevu, na nikikuita mwanangu leo usinune, maana suruali yako ya kwanza nilikununulia mimi. Zimeni redio. Najua miaka thelathini na nane si ya kuachia watu wosia, wazee wa mtaa wetu wa Bulla Pesa watacheka wakisikia, lakini anayetangulia ndiye mzee, na huu moyo uliofura na hii miguu iliyojaa maji kama matikiti ya Rapsu imenipandisha cheo kabla ya wakati. Daktari aliongea na nyinyi nyuma ya pazia akidhani sisikii. Mtu anayeijua sarafu bandia kwa mlio wake ikianguka sakafuni, tena akiwa ameipa mgongo, atashindwaje kumsikia daktari?

Tuanze na mali, maana Mwenda macho yake yako chini ya kitanda tangu asubuhi. Kibanda cha ufundi ni cha Kendi, pamoja na mtungi wa gesi, koleo na mizani ndogo. Mwenda, pikipiki ni yako, na usiniambie asante, breki zimekufa. Debe lililo chini ya kitanda ni lenu wote wawili. Humo mna sarafu zangu zote: senti kumi za tundu za wakati wa wafalme wa Kiingereza, shilingi za zamani, na ile florini, sarafu ya shilingi mbili ya mwaka 1920, ambayo watu wameniomba niwaonyeshe mpaka wakachoka. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, niliyeambiwa na mwalimu mbele ya wenzangu kwamba kichwa changu ni bati, nimefundisha watu wenye digrii namna ya kusoma sarafu. Shikeni ukingo, msiguse uso. Angalieni kwanza palipoinuka, nywele, shavu, ncha ya bega, maana sarafu huchakaa inapoinuka, kama vile mtu. Ikiwa nywele bado zinahesabika, hiyo ni daraja la juu. Ikiwa kichwa kimebaki kivuli, hiyo ni ya kununulia chumvi. Na mng'ao wake uwe ule iliyozaliwa nao kiwandani, siku chuma kilipopigwa na muhuri mara moja kwa nguvu, sio mng'ao wa kusugua. Hapo kwa kusugua ndipo mtaniacha nipumue kidogo, kwa sababu ndipo dhambi yangu ilipo.

Kendi, nipe maji. Basi, inatosha.

Jana Ado alipiga simu kutoka Sericho. Kendi ulipokea wewe, ukaniambia kwa furaha kwamba mama yake, Mama Fosia, amesikia naumwa na amepanda lori alfajiri, ananiletea maziwa ya ngamia. Uliona nimegeukia ukuta ukadhani ni maumivu. Yalikuwa maumivu, ila si ya moyo huu ambao daktari anaupima. Mama huyo atafika hapa leo kabla ya alasiri, na kabla hajafika lazima mjue anamletea nani maziwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina tena mahali pa kuyaficha.

Miaka tisa iliyopita, mwaka ule ng'ombe walikufa njiani mpaka fisi wakachoka kula, Mama Fosia alikuja kibandani na riale ya Maria Teresa imefungwa kwenye kipande cha ngozi. Mmeziona riale hizo shingoni mwa wanawake wa Sericho, fedha nzito yenye mwanamke mnono upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Zote zimeandikwa mwaka mmoja, 1780. Malkia alikufa mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa huku walikuwa wamemzoea, hawakutaka sura nyingine, basi wazungu wakaendelea kumchapa na mwaka ule ule, nchi hii na nchi ile, mpaka juzi. Riale ya babu wa babu na riale iliyochapwa mimi nikiwa shule zinasema mwaka mmoja. Asiyejua atazitofautisha vipi? Mimi nilijua. Nilitazama lulu za kifungo begani na manyoya ya mkia wa tai, nikalinganisha na kitabu alichoniazima Kiragu, yule karani mkusanyaji wa sarafu anayekuja kila Ijumaa na lenzi yake. Ile ilikuwa ya kale kweli, na nywele zote zilikuwa zinahesabika, kwa sababu haikuwahi kuvaliwa. Kwao, alivyoniambia, riale ya mama haitobolewi wala haivaliwi hovyo. Inakaa ndani ya ngozi, na binti anapoposwa ndipo inalehemewa kikuku, kile kipete cha kupitishia uzi, na kuvishwa shingoni; hii mama yake aliiweka kwa ajili ya mjukuu. Na mjukuu huyo, Ado, alikuwa ameposwa. Mama aliniambia, Mawira, mimi sijui kusoma, lakini watu wanasema mkono wako ni safi.

Nami nilikuwa na riale nyingine debeni, mpya, ya kuchapwa juzi. Mnaona inakoelekea.

Nilimwambia gesi imekwisha, aniachie riale, arudi wiki ijayo. Akarudi, njia yote ile kutoka Sericho, lori na mguu. Nikamwambia kikuku cha fedha hakijafika kutoka Meru. Akarudi tena. Mara tatu, Kendi. Mara tatu mwaka wa njaa, na kila akija alikuwa na kibuyu cha maziwa chini ya mtandio, akaniachia, nami nikakunywesha wewe. Wakati huo wote nilikuwa nikiizeesha ile mpya. Niliifungia kwenye mkebe na kiini cha yai la kuchemsha mpaka ikawa nyeusi, nikaipaka jivu na mafuta ya mbuzi, nikatembea nayo mfukoni na funguo mwezi mzima, na nilikuwa napiga mluzi, jamani, nilikuwa najisifu mwenyewe, nikisema hakuna fundi kama mimi kutoka Isiolo mpaka Moyale. Nikailehemu kikuku. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

Halafu wakanialika harusini. Nilienda. Niliketishwa pamoja na wazee, nikakatiwa nundu ya ngamia, kipande cha mgeni wa heshima, na Mama Fosia akanishika mkono mbele ya watu akasema, huyu ndiye aliyemfikisha mama yangu shingoni mwa mtoto wangu. Mimi nikasema karibu, mama, kazi ni kazi. Nundu ile nilimeza bila kutafuna.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe, na Mwenda hapa unaweza kucheka, nakuruhusu. Nilitaka kumfunga Kiragu mdomo. Alikuwa amenitania mwaka mzima kwamba mtu wa darasa la sita hawezi kupata riale ya kweli ya zamani, kwa hiyo Ijumaa moja nilitaka ile ya kale, niliyobaki nayo, imuwakie machoni kama taa ya lori. Nikaikamulia ndimu, nikaisugua na magadi, nikamalizia na dawa ya meno na stilwul ile ya kusugulia vyombo, mpaka malkia akang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Kiragu akaja, akaiweka chini ya lenzi. Kisha akaniambia, Mawira, umemchuna. Akanionyesha mikwaruzo, maelfu, kama paka amemrukia usoni. Ule weusi niliouona uchafu ulikuwa ngozi yake, ndio uliokuwa ukimlinda miaka mia mbili, na hakuna dawa ya kuurudisha. Aliniambia bei yake sasa ni uzito wa fedha peke yake. Yaani bei moja na ile ya bandia niliyomvisha Ado. Niliiba cha mtu nikakiua mkononi, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kiragu hakujua imetoka wapi. Nilimwambia niliinunua Garissa.

Tangu hapo mama yule hupita hapa kila akija mjini. Huketi pale kwenye kiti, huniuliza habari ya Kendi, huniletea wanawake wengine wa Sericho na mikufu yao, kwa sababu mkono wa Mawira ni safi. Kazi yote ya kibanda hiki, ada yako ya chuo, Kendi, matairi ya pikipiki yako, Mwenda, ni neno lake lililoleta. Mara mbili nilipanda lori la Sericho kumrudishia. Mara ya kwanza nilifika Garba Tula nikashuka kunywa chai, chai ikawa ndefu, nikarudi. Mara ya pili sikuvuka hata kizuizi cha polisi.

Jana usiku nilikugusia, Mwenda, nawe ukasema, mkubwa, maiti haulizwi swali, acha Kiragu abebe debe lote Ijumaa na mama wa watu abaki na furaha yake. Ukasema tukikiri, nani ataleta fedha yake kibandani tena? Umesema kweli, na kichwa chako ni kizuri, ni changu kabisa, ndiyo maana naogopa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na sitaki Kendi anioshe hapa kisha aibebe aibu yangu mpaka azeeke, akiwatazama wanawake wale machoni kila siku. Kibanda kikifa kwa ukweli, kife. Kendi ana mikono.

Basi sikieni. Riale iko ndani ya soksi ya buluu, pamoja na nyingine zote nilizozisugua. Zile nyingine Kiragu aambiwe zimesuguliwa, kila moja, bila kuficha. Florini auziwe, lakini Mwenda usikubali bei ya kwanza, yule mtu ni bahili hata kwa salamu. Na msisugue kitu. Kitu kikiwa kizee kiacheni na uzee wake.

Nilitaka, mkinizika, ndipo mumpe mama riale yake na kumweleza. Nilikuwa nimepanga hivyo mpaka nusu saa iliyopita. Lakini nikiwatazama mnavyotazamana hapo... hapana. Ningekuwa nawatuma kwenye lori ambalo mimi nilishuka. Nitasema mwenyewe. Pumzi ikinikatika, Kendi utamalizia, kwa maneno haya haya, usiyapake sukari. Akitaka kulia alie. Akinilaani, mseme amina, msinitetee. Akiikataa riale, msimlazimishe. Mpeni kiti, mpeni maji ya kunawa, ametoka mbali.

Sogezeni vichwa. Baba yetu alitubariki kwa mate kifuani, kule Meru, nami mate yameisha, kinywa ni mchanga... chovya kidole kwenye maji, Kendi. Hapo. Na wewe. Mungu awape mikono isiyohitaji kusifiwa. Awape... mpendane. Mwenda, mtengenezee dada yako, aa, binti yangu, mtengenezee paa kabla ya mvua.

Sasa niketisheni. Leteni mto, niegemezeni ukutani. Miguu ishuke chini, hata ikiuma. Zaidi. Neno kama hili mtu halisemi akiwa amelala.