Ng'ombe Mmoja, Wasemaji Wawili

Benchi letu liko Kabeza, mbele ya duka la Twahiru fundi cherehani, mahali ambapo ndege ikishuka uwanja wa Kanombe inabidi ukate maneno yako katikati, uisubiri ipite. Ni benchi la watu wanne na kila mtu ana pake. Twahiru hukaa ukingoni ili aone wateja, birika la kahawa ya tangawizi liko miguuni pake. Anayefuata ni Kagabo, muuza makava ya simu, tunamwita Tovuti kwa sababu hakuna shida ya binadamu ambayo yeye hana tovuti yake. Halafu Rodney, aliyekulia Uganda, anahesabu maboksi kwenye ghala moja huko Masoro. Huyo tunamwita Injinia, na msiniulize kwa nini. Wa mwisho ni mimi, Nizeyimana, niliyekulia Karagwe. Mimi naitwa Spika, maana mwaka wa kumi na tisa sasa, familia za hapa zikiwa na sherehe ya kuposa, hii tunayoiita gusaba, ni mimi ninayesimama kuwasemea.

Jumatatu hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jumamosi nilikuwa nimemsemea Aidah, binti wa Twahiru. Nilisimulia jinsi babu wa familia hizi mbili walivyovuka mto uliofurika wakiwa wameshika mkia wa ng'ombe mmoja, jina lake Bihogo. Makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata. Kisha akasimama msemaji wa upande wa bwana harusi, mzee Mutsinzi wa Masaka, hii ya jirani si ile ya Uganda, akafungua karatasi yake. Akasoma mto uleule. Mkia uleule. Bihogo yuleyule! Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, hema lote likafuata. Sasa kijiwe kizima kinaamini kwamba mzee wa watu ameniibia, kumbe hotuba ile niliichota kwenye tovuti asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa kwenye kiti cha kinyozi. Sikumwambia mtu.

Twahiru: Mimi nasema hivi. Huyo mzee anaomba radhi mbele ya watu, ama Jumamosi hii hakuna harusi. Wallahi tena.

Rodney: Banange! Unavunja harusi kwa sababu ya ng'ombe?

Twahiru: Kwa sababu ya wizi! Watu mia mbili wamecheka mtoto wangu. Tangu juzi Aidah hatoki chumbani. Unajua rafiki zake wanamuita nani? Bihogo.

Kahawa ikanipalia. Nikakohoa mpaka machozi yakatoka, na Rodney akanigonga mgongoni.

Rodney: Pole, Spika. Kunywa polepole. Ndiyo maana wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ona, ng'ombe amevuka mto mara mbili.

Mimi: Hiyo methali haihusiki.

Rodney: Methali zote zinahusika. Ni wewe tu bado iko na uchungu.

Kagabo: Ngojeni, tuende na akili. Mzee alikuja na karatasi imeshaandikwa, si ndiyo? Basi aliiba kabla ya Jumamosi. Spika, ulifanya mazoezi karibu na simu?

Mimi: Sikumbuki vizuri.

Kagabo: Mnaona! Simu inasikiliza. Iko tovuti moja, unaandika namba ya mtu, inakuletea kila kitu alisema wiki nzima.

Twahiru: Wewe umeiona na macho yako?

Kagabo: Rafiki yangu ameiona.

Twahiru: Rafiki yako huyo anaona vitu vingi sana.

Kagabo: Fundi, usidharau mtandao. Nani alikuonyesha ile aplikesheni ya kupima bega la mteja kwa picha?

Twahiru: Ni wewe. Na nilishona koti la mikono tofauti.

Kagabo: Picha ilikuwa mbaya! Na Injinia, si unakumbuka ile ya majani?

Rodney: Ile nzuri, siwezi kudanganya. Shemeji yangu analima mihogo Masaka, nikapiga picha ya jani moja, ikataja ugonjwa wake hapohapo. Kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hata Kagabo alishindwa kuelewa kisima kimetoka wapi. Ndege ikapita juu yetu, tukanyamaza. Kagabo akachomoa simu, akaielekeza angani. Ana aplikesheni ya kutambua ndege, na hiyo ni kweli kabisa, tumeihakikisha mara nyingi.

Kagabo: Hii inatoka Doha. Imechelewa dakika ishirini.

Rodney: Yewe! Nimepata! Ni ndege!

Twahiru: Ndege imefanya nini tena?

Rodney: Inapita hapa chini kabisa, si ndiyo? Iko na mitambo. Inavuta maneno ya Kabeza, ikigeuka inayaangusha Masaka.

Twahiru: Ndege ya Doha inataka hotuba ya Spika ya kazi gani?

Rodney: Haikuitaka. Wale wanapenda ngamia. Walikuta ng'ombe, wakatupa.

Wakacheka hadi mama mmoja aliyekuja kuchukua kitenge chake akasimama kusikiliza. Mimi nilicheka meno tu. Moyoni nilikuwa naomba wabaki kwenye ndege hukohuko, wasishuke. Kagabo akashuka.

Kagabo: Ama ni ile tovuti ya hotuba. Si niliwaonyesha hapa mwezi uliopita? Unaandika jina la bibi harusi na la bwana harusi, unabonyeza, inatoka yote. Ya kuposa, ya msiba, hata ya kuaga kazini. Kwa Kinyarwanda safi!

Rodney: Basi mzee alibonyeza huko.

Kagabo: Lakini akibonyeza huko, Bihogo wa Spika anatoka wapi?

Nikaangalia viatu vyangu. Nilijua sasa hivi wataunganisha, na, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kutunga uongo wa pili.

Twahiru: Wewe Tovuti, koma! Unataka kusema nini? Huyu ni mtu wa kichwa. Mtu gani mwenye heshima anasemea binti wa rafiki yake kwa kubonyeza?

Kagabo: Hapana, fundi, sikumaanisha hivyo. Labda tovuti ilimnyonya yeye. Miaka kumi na tisa watu wanamrekodi kwenye harusi, wanaweka mtandaoni. Tovuti imekula maneno yake mpaka imeshiba.

Rodney: Hiyo inaingia akilini kuliko ndege.

Twahiru: Ni hivyo, Spika?

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, mimi. Mambo ya hema yangeweza kuitwa bahati mbaya. Kile kichwa nilikitikisa mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mtu aliyenitetea. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka moto.

Twahiru akatoa simu apige Masaka. Hajabonyeza bado, pikipiki ikasimama mbele yetu. Abiria akavua kofia ngumu, akamrudishia dereva, na tukamuona mzee Mutsinzi kwa suti ileile ya Jumamosi. Tukainuka wote. Alikataa kukaa, alikataa na kahawa.

Mutsinzi: Muraho neza, ndugu zangu. Bwana Twahiru, mzazi mwenzangu, sikuja kusemea mtu leo. Nimekuja kwa sababu yangu. Yale maneno niliyosoma hayakuwa yangu.

Twahiru: Tunajua, mzee.

Mutsinzi: Macho yangu yamechoka, na siku hizi nasahau hata jina la jirani. Niliambiwa upande wenu atasimama huyu bwana, watu wote wanamsifu, nikaogopa. Nikasema nitaaibisha kijana wetu. Binti yangu Pretty akanionyesha tovuti, tukaandika majina, ikatoa. Sikujua kama ni maneno ya mtu. Jana nikaambiwa kumbe ni ya huyu bwana.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa. Mzee wa miaka sabini na kitu! Na mkono hakuuachia.

Mutsinzi: Nakuomba radhi, mwanangu.

Twahiru: Mzee, umefanya kiume. Kwangu yameisha, harusi iko palepale. Spika, mjibu mzee.

Rodney: Mjibu, sha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hiyo ilikaa mahali pake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na mimi ndiye nilikuwa siponi.

Mutsinzi: Asinijibu kwanza. Mimi sipendi kuomba radhi kwa jumla. Niambie, mwanangu, katika yale maneno, yapi ni ya kwako? Ni yale ya mto? Ni yale ya binti kuwa nuru ya nyumba? Nitajie, niombe radhi kwa kila moja.

Nikamtazama Kagabo, Kagabo akatazama simu yake. Yule mama wa kitenge naye alikuwa bado amesimama, anasubiri jibu langu.

Na mimi Aidah ninamjua! Alijifunza kutembea akishikilia benchi hili. Alipokuwa na miaka minane alitenga vifungo vya baba yake kwa rangi na akanikaripia niliposogeza kopo. Mwaka baba yake alipougua jicho, ni yeye aliyemaliza sare zote za kwaya ya kanisa, mtoto wa Kiislamu, akazipeleka mwenyewe. Yote hayo nilikuwa nayo Jumamosi nikiwa nimekaa kwa kinyozi. Sikusema hata moja. Nilisema ng'ombe.

Mimi: Hakuna.

Mutsinzi: Unasema?

Mimi: Hakuna hata neno moja la kwangu, mzee. Hukuniibia. Mimi pia nilibonyeza. Tovuti ileile, asubuhi ileile ya sherehe. Inua kichwa tafadhali, usiniinamie.

Kagabo: Mana yanjye! Ina maana ile tovuti iko na ng'ombe mmoja tu?

Mzee Mutsinzi akaachia mkono wangu taratibu na kusogea pembeni, kwa sababu yeye ni mtu wa adabu. Twahiru alibaki amesimama, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, simu bado iko mkononi. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

Twahiru: Simu ya kubonyeza hata mimi niko nayo, Nizeyimana. Niliomba wewe.