Jiwe la Kusugulia Visigino

Abiria wa basi walikuwa wanasinzia, mpaka msichana wa dirishani alipotoa jiwe mkobani akaligusisha ulimini. Mama mshonaji aliyekaa naye akashtuka.

"Mwanangu, ndiyo njaa hiyo?"

"Hapana mama, napima. Jiwe la kawaida haling'ang'anii ulimi, ila mfupa uliogeuka jiwe unanata. Mnyama mwenye mfupa huu alifukiwa na tope, tope jingine likaja juu, tabaka kwa tabaka, mpaka likawa mwamba. Wakati huo binadamu alikuwa hajakuwepo bado! Nimeutoa korongoni, nyuma ya machimbo ya kokoto."

Korongo hilo mshonaji alilijua vizuri mno. Akapekua mfuko wake wa safari, chini ya taulo na sabuni, akatoa jiwe. "Kama hili?"

Kabla hajaongeza neno, msichana alishalilamba. Likanata.

"Mungu wangu! Mama, unalifanyia nini?"

"Nasugulia visigino."

Msichana alijifuta ulimi kwa leso, macho yamemtoka pima. Hakuna aliyesinzia tena. "Yapo mengine?"

"Baba watoto amejengea msingi wa nyumba. Wote."

"Basi itabidi tuubomoe."

"Tuubomoe wewe na nani?"

Basi likasimama. Mshonaji akashuka mbio bila kuaga, na nyuma yake akasikia msichana naye anashuka.