Vijiti Kando ya Mto

Basi lilipotoka Minjila, mbele ya kijana Mukhtar waliketi watu wawili wasiojuana: Mzee Diba, mfugaji, na Mama Lydia, mkulima aliyepakata jembe. Haukupita muda wakaanza kugombana juu ya vijiti vya utepe mwekundu vilivyozuka kando ya mto.

"Nyinyi wakulima mumefunga malka, njia yetu ya kwenda mtoni," mzee alifoka. "Ng'ombe wetu watapita wapi kunywa maji?"

"Sisi? Nyinyi ndio mumepima njia ya ng'ombe katikati ya mpunga wangu! Wanangu wanalinda shamba na mapanga."

"Na wangu wako na mikuki, mama."

Mukhtar akageukia dirisha, uso ukimwaka kwa aibu. Vijiti vilikuwa vyake. Alikuwa akisomea mazingira chuo kikuu, akavichomeka ili ahesabu nyasi zilizorudi baada ya mafuriko ya El Nino. Hakumwarifu mtu; kwani msomi mzima aombe ruhusa ya kuhesabu majani? Sasa neno moja lingetosha kuwatuliza. Lakini aliomba tu afike Wenje ateremke kimya kimya.

Basi likasimama Wenje. Utingo akapanda juu ya keria, akainua fungu la vijiti alivyobakiza Mukhtar na kupaza sauti: "Hivi vijiti vya utepe mwekundu ni vya nani?"

Mzee na mama wakageuka nyuma kwa pamoja, wakamkuta Mukhtar ameshasimama ateremke.