Soketi ya Dada Chaji

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo sianzi na muziki. Mwenyewe angenikemea niuzime, eti unakula umeme bure.

Tunamkumbuka fundi wa umeme wa boti, mke wa nahodha, mama wa binti mmoja. Sote tulimwita Dada Chaji. Nasema tena, Dada Chaji, maana nikitaja jina la kwenye cheti mtaniuliza ni nani huyo. Hakuwa na habari za asubuhi wala za mchana. Akikutana nawe anauliza tu, "Chaji?" Nawe unajibu, "Imejaa!" Ukimwuliza yeye, jibu ni hilohilo. Imejaa. Siku zote imejaa. Lishikeni neno hilo, wapendwa.

Kazi aliianzia kwenye kibanda cha baba yake, wakichaji betri za magari. Dada yake mkubwa ananiambia, "Mdogo wangu hakuwa na gauni lisilo na matundu ya tindikali. Mama alichoka kushona, akamwambia, basi wewe olewa na gunia." Nahodha akiisikia hadithi hiyo husema, "Gunia lenyewe ndiye mimi."

Boti ya nahodha ilipofungwa mota ya umeme, sola na betri mpya, ni mkewe aliyeupanga mtambo wa kugawa umeme. Siku ya majaribio, skrini inaonyesha betri imejaa, na boti imezima katikati ya ziwa. Kimya! Kumbe aliuambia mtambo kwamba betri ni kubwa kuliko ilivyo. Wakapiga kasia mpaka gatini. Nahodha kanuna, mkewe anacheka mpaka anashika mbavu. Tangu siku hiyo akawa anatuambia, "Msiiamini skrini. Inasema ulichoiambia."

Mtambo ule una jambo moja. Lazima uuambie, umeme ukipungua, kipi kizimwe kwanza na kipi kizimwe mwisho. Manahodha wote wanataka muziki uzimwe mwisho. Dada Chaji hasikii la mtu. Pampu ya kutoa maji na redio ya mawasiliano, hizo za mwisho. Friji izimwe kabla yake. Muziki kabla ya friji. Na kwenye boti ya mumewe, kabla hata ya muziki, aliweka soketi ya kiti chake mwenyewe, anapochomeka feni yake ndogo. Abiria wakamcheka: "Fundi, umejizima mwenyewe!" Akajibu, "Nina khanga, nitajipepea." Tukacheka sote. Mimi pia nilikuwemo, nikacheka.

Kisha kifua kikaanza. Binti yake anasema, "Namsikia anakohoa jikoni, nikimwuliza, mama, chaji? Anasema imejaa. Nami narudi kwenye simu yangu." Nahodha aliambiwa imejaa. Dada mtu aliambiwa imejaa. Alipokubali kwenda zahanati, pumzi ilikuwa haitoshi hata kupanda ngazi. Wakampa mashine ya oksijeni, wakasema avushwe upesi, hospitali kubwa iko ng'ambo.

Wakamvusha kwa boti ya mumewe. Alikaa kwenye kiti chake. Mashine ikachomekwa kwenye soketi yake.

Mnaona? Hakuna aliyekumbuka. Hata yeye.

Siku hiyo wingu limetanda, sola haipati kitu, upepo unasukuma boti nyuma. Umeme ukapungua. Mtambo ukafanya kama ulivyoambiwa. Ukamzima yeye kwanza.

Nivumilieni kidogo, wapendwa.

Mashine ikapiga kelele. Binti akaruka kwenye skrini, akaihamisha soketi ya mama kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Muziki ukakatika. Friji ikazima. Mashine ikaanza kupumua tena. Mama akamvuta khanga, akauliza kwa taabu, "Umezima nini?"

"Friji, mama."

"Vitu vya watu vitaharibika."

"Viharibike!"

Binti anasema mama alimtazama, akatikisa kichwa, akatabasamu. Nahodha akapaza sauti kutoka kwenye usukani, "Mke wangu, chaji?"

Safari hii hakusema imejaa. Akasema, "Imeisha, baba."

Walifika. Alifariki jioni ile. Daktari alimwambia binti wazi kwamba si zile dakika chache zilizomwua, ugonjwa ulikuwa wa miezi mingi. Binti amesikia. Bado halali vizuri.

Mimi nina hasira, sitaficha. Nina hasira naye, na nina hasira nasi. Alitufundisha kwa mdomo wake tusiiamini skrini, nasi tukamwamini yeye.

Juzi nilipanda boti ile. Mafundi wenzake walitaka kurudisha mpangilio wa zamani, nahodha akakataa. "Hiyo yake ndiyo itazimwa mwisho," alisema. "Nimechelewa, lakini ndivyo itakavyokaa."

Nahodha, binti yetu, dada mkubwa, poleni sana. Tunalia nanyi. Mungu amlaze pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwenu yupo mmoja anayejizima kwanza. Mnamjua. Leo akikwambia imejaa, usirudi kwenye simu yako. Mwulize tena, ukimtazama usoni.

Juzi hiyo, tulipokaribia gati, umeme ulipungua. Muziki ukakatika, friji ikazima. Kwenye kiti kitupu, taa ndogo ya soketi ilikuwa bado inawaka, na hapakuwa na kitu kilichochomekwa.