Herufi Mbili Zilizobaki

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu, Mwalimu Mkuu na walimu wenzako, Mzee Ekaale mwenyekiti wa kamati ya shule, ndugu wageni waalikwa, wazazi wa kambini na wenyeji wetu wa Kakuma, nanyi wanafunzi mliokaa juani ili sisi tupate kivuli: ejok, hamjambo nyote.

Mimi ni Elie, fundi viatu. Wengi mnanijua kama mume wa Sylviane, na ni sawa. Hata mimi hujijua hivyo. Mwalimu Mkuu ameniomba niseme machache kabla darasa hili jipya halijafunguliwa, kwa sababu maneno yaliyo ukutani aliyaandika marehemu mke wangu, na hakuyamaliza. Yalipaswa kusomeka AKILI NI MALI. Yanasomeka AKILI NI MA. Kamati inataka kujua kama nakubali yamaliziwe leo.

Najua, wanafunzi, mmekuwa mkiyamalizia wenyewe. Nikipita na mfuko wangu wa viatu nawasikia: akili ni maharagwe, akili ni mandazi. Mabomba yakikauka, akili ni maji. Sylviane angecheka mpaka akae chini.

Kwetu Uvira alikuwa mwalimu. Hapa Kakuma aliandika vibao vya maduka. Bwana Gatwech, nakuona pale nyuma. Unakumbuka siku alipokuja dukani kwako kutafuta kazi? Ulimwuliza, "Mama, kama akili unayo wewe, mbona mali ninayo mimi?" Naye akakujibu, "Ndiyo maana nimekuletea kidogo. Naona hapa dukani imekwisha." Ukacheka, ukampa ukuta wote wa mbele.

Lakini ndugu zangu, swali la Bwana Gatwech lilikuwa la haki. Je, hatujawaona wenye akili wakilala njaa? Mimi mwenyewe nilimwambia Sylviane, alipopewa kazi hii, kwamba anakwenda kuandika uongo kwenye ukuta wa watoto. Akaendelea kuloweka brashi zake. Kisha akasema, "Tulipokimbia, nyumba ilibaki, cherehani ilibaki. Mwandiko ulikuja." Nikamwambia mwandiko hauliwi. Akaniuliza ninachotafuna kimetoka wapi.

Mzee Ekaale, nawe unisamehe nikikutaja. Katika ukame ule mkubwa mifugo yako iliisha yote upande wa Namoruputh. Ulikuja kwangu nikushonee viatu, nikakupa pole kwa kupoteza mali. Ukasema, "Mali imekufa. Akili bado inaamka alfajiri kuitafuta." Siku ile sikuelewa, nikaendelea kushona. Sasa naelewa. Nikiona kibao kilichokosewa herufi, bado nageuka kumwonyesha Sylviane.

Aliugua akiwa hapa hapa, chini ya hiyo A ya mwisho. Tulimpeleka hospitali ya Lodwar. Njiani alilaza kichwa mapajani mwangu, akauliza, "Elie, mkebe wa rangi umeufunika?" Nikamwambia nimeufunika. "Umeukaza?" Nikamwambia nimeukaza. Akasema, "Basi vizuri." Hakusema jingine. Barabara ile ni ndefu, na nilirudi nayo bila mtu wa kuniuliza kitu.

Kamati iliponijia mara ya kwanza, nilikataa. Mlinistahi, hamkuuliza sababu. Sababu ni hii: neno likiwa halijaisha, ilikuwa kama Sylviane ameenda tu kuosha brashi. Akili yangu ilijua harudi. Lakini mali niliyobaki nayo ilikuwa hiyo nafasi ya herufi mbili, na nilipita hapa kila siku kuiangalia, kama mtu mwenye mifugo anavyopita zizini.

Jana niliufungua mkebe. Kifuniko kilinishinda mkono, nikatumia patasi. Miezi yote hii, na rangi haijakauka. Ilinukia yeye. Nikakumbuka kwamba tangu nimjue hakuwahi kumwachia mtu kibao nusu, hata wale waliomsumbua kumlipa, na mimi nilikuwa nimemwachia chake nusu, mbele ya shule nzima.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Ila fundi mliyemwita kutoka Lodwar aniwie radhi, herufi hizo mbili nitaziandika mwenyewe. Mwandiko wangu mnaujua, ni wa darasa la saba. Atakayesoma ukuta huu ataona zake zinaishia wapi na zangu zinaanzia wapi, nami sitaki zifanane. Nanyi wanafunzi, msiache kusema akili ni maji. Nikipita hapa nitapenda kuwasikia.

Mheshimiwa, wageni wetu, majirani, nawashukuru kwa kunivumilia na kwa masikio yenu. Rangi ninayo, brashi ninayo. Bwana Gatwech, tafadhali, njoo unishikie ngazi.