Alfajiri Niliyoiacha Nyuma

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Na majirani zetu Wakristo mtakaosoma haya, amani iwe kwenu pia. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenitafuta mimi wakati mimi nilikuwa namkimbia.

Wengi hapa Kamina mnanijua: nauza vitenge karibu na stesheni ya gari la moshi, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo wa matofali. Hatuna kipaza sauti. Nina koo langu tu, na ufunguo wa mlango, ambao hulala mfukoni mwangu. Nilijivunia ule ufunguo, ndugu zangu, nisiwafiche.

Siku moja nilirudi kutoka Kabondo-Dianda, nilikokwenda kumpeleka mke wangu na binti yetu Hawa kwa wakwe. Siku mbili juu ya pikipiki, ufunguo mfukoni, matope mpaka magotini. Nilifika jioni, nyumba tupu, nikaswali isha nikajitupa kitandani. Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limejaa chumbani. Alfajiri imenipita!

Hapo bado sikuwa na kosa. Aliyepitiwa na usingizi huamka akaswali, basi. Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto hivyo. Lakini nilikumbuka kwamba akina mama fulani walipanga kuja asubuhi hiyo kununua vitenge vya sare ya harusi. Nikasema nitaswali nikifika dukani. Nikanawa uso, nikatoka mbio. Dukani nikapima vitambaa, nikacheka na wateja, na ile sala nikaiacha huku naikumbuka. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Adhuhuri nilikwenda kufungua msikiti. Kumbe wazee walikuta mlango bado umefungwa alfajiri, wakadhani bado niko safarini, wakaswali nje juu ya udongo uliolowa. Waliponiona walifurahi. Wakauliza nilifika lini. Nami nikajibu kwamba nilifika jana, ila homa ilinikamata njiani, sikuweza hata kuinuka.

Shehe wetu akawaambia wote wainue mikono, wakaniombea shifaa, nipone. Ndugu zangu, nilisimama katikati yao nikaitikia amina juu ya uongo wangu mwenyewe. 

Jioni akaja Papa Ilunga, jirani yangu. Yeye ni Mkristo, mtu wa reli, kazi yake kugeuza njia ili treni ishike reli yake. Sikujua mpaka siku ile kwamba miaka yote adhana yangu ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda kazini. Nilipokuwa safarini mke wake ndiye aliyemwamsha, lakini jana yake walinisikia nikirudi, wakalala wakitegemea adhana. Asubuhi hiyo alichelewa, mkubwa wake akamrudisha nyumbani. Lakini hakuja kulalamika.

“Papa Hawa, uko muzima? Sikusikia sauti yako. Nikawaza, jirani yangu amekufa.”

Nikamdanganya naye. Homa. Akaenda, mke wake akaniletea sufuria ya majani machungu ya kutibu homa, nikanywa yote mbele yake. Uchungu ule niliustahili.

Siku nane zikafuata. Niliita watu kwenye sala, nikaswali nao, lakini ile alfajiri moja sikuilipa. Kila nikitaka kuiswali, uongo ulisimama mbele yangu. Nilianza kuamini kwamba Mungu hataki tena kunisikia, na kwamba sauti yangu inaishia kwenye mabati. Siku ya tisa nikakata shauri: nitaacha ufunguo mlangoni kwa shehe, atafutwe mtu mwingine. Wakati wa alfajiri ulikaribia, nikabaki nimelala, macho wazi. Sikuinuka.

Ndipo dirisha likagongwa.

“Papa Hawa, lamuka. Saa inafika. Myaka yote weye njo ulikuwa unanilamusha. Leo minyi njo nakulamusha.”

Ilikuwa sauti ya Papa Ilunga! Tangu alipochelewa kazini alikuwa amenunua saa ya kengele. Nilipomuuliza baadaye, alisema aliamka kabla haijalia, na moyo wake haukumwacha mpaka aje kugonga kwangu. Hakujua lolote la shida yangu. Sikuwa nimemwambia mtu, ila Mungu.

Ndugu zangu! Mimi niliyedhani nimefukuzwa, nimetumiwa mtu wa kuniita! Nikatia udhu kwa maji ya baridi, nikafungua msikiti, nikaiswali ile alfajiri niliyoiacha. Katika sijda nililia mpaka mkeka ukalowa. Kisha nikasimama mlangoni nikaadhini, na sauti yangu ikatoka.

Baada ya sala niliwaambia wazee kweli yote.  Nikamnyooshea shehe ufunguo. Hakuupokea.

“Usingizi haiko kosa,” akasema. “Kosa ni pale ulilamuka, ukaenda soko. Lakini mulango wa toba, ufunguo yake haiko mu mufuko yako. Weye chunga huu wa msikiti.”

Nilikwenda pia kwa Papa Ilunga nikaungama. Alinitazama kwanza kwa mshangao, halafu akakumbuka ile sufuria ya dawa, akacheka mpaka akashika mlango. Alinisamehe palepale.

Alhamdulillah! Namshukuru Mola ambaye hakuniacha na uongo wangu. Nawe ndugu yangu, kama kuna sala umeiacha nyuma kwa makusudi, na aibu inakuambia usirudi, rudi. Tubu, uiswali leo hii. Kesho alfajiri nitasimama mlangoni kuwaita. Na mkiona kimya, njooni mnigongee dirisha.