Mechthild Averbeck na Taa Zake za Mei (1947–2025)

Marehemu Mechthild Maria Averbeck alizaliwa tarehe 11 Novemba 1947 mjini Telgte, Ujerumani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Clemens Wessling, fundi viatu, na mkewe Adelheid. Tarehe hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Martini, aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Jioni yake watoto wa kwetu hutembea gizani na taa za karatasi wakiimba, na mwisho kila mmoja hupewa mtu wa mkate, yaani mkate mtamu uliofinyangwa kama mtu mdogo, wenye macho na mdomo wa zabibu kavu. Mpaka alipofika miaka sita marehemu aliamini kwamba mji mzima huwasha taa kwa ajili yake. Mimi Hedwig, mdogo wake, ninayesoma mbele yenu, sina hakika kama aliwahi kuacha kuamini hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapo Telgte, kisha shule ya masista mjini Münster hadi mwaka 1964, na baadaye akajifunza ualimu wa chekechea. Sista mmoja aliwahi kumnyang'anya mkasi wake mbele ya darasa akisema ameuiba, na haukuwa wa wizi. Tangu siku hiyo hadi alipomaliza shule, marehemu alimsalimia sista huyo kila asubuhi kwa heshima zote, na kila asubuhi akamtazama mikono. Dada yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kukumbuka.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Ansgar Averbeck, mhandisi wa mabwawa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Benedikt na Roswitha. Mwaka 1979 shemeji alipata mkataba wa miaka miwili hapa Tasmania. Walifika Sawyers Bend wakiwa na masanduku manne, moja likiwa limejaa vibati vya kukatia biskuti. Mkataba uliisha, wao wakabaki. Mimi niliwafuata mwaka 1984, baada ya mama yetu kufariki, nikaishi nao tangu wakati huo.

Krismasi ya kwanza aliyooka hapa ilikuwa ya joto kali. Siagi iliyeyuka, nyota za tangawizi zikatandaa kwenye sinia mpaka zikashikana. Shemeji alichungulia jikoni akauliza, "Mke wangu, hizi ni nyota au sahani?" Marehemu akamjibu, "Ni sahani. Utakula chakula chako humo mpaka Pasaka." Na kweli, siku iliyofuata alimwekea viazi juu ya biskuti. Kuanzia hapo akawa anaoka alfajiri, madirisha yote wazi, na mtaa mzima ukiamka na harufu ya karafuu.

Lakini kosa lake kubwa la ugeni lilikuwa la taa. Novemba ile ya kwanza aliwaandaa Benedikt, Roswitha na watoto wa majirani, akawapa taa za karatasi, wakatoka saa kumi na moja jioni kama kwetu. Alisahau kwamba huku Novemba jua linakawia kuzama. Walitembea barabara nzima na mishumaa ambayo hakuna aliyeiona. Saa moja jioni jua bado linawaka, na Roswitha analia. "Mama, giza liko wapi?" Marehemu akamwambia, "Giza limebaki Ujerumani, mwanangu. Tutalitafuta la hapa."

Akalipata mwezi wa Mei. Mei huku matufaha yameshachumwa, majani yanapukutika, na saa kumi na moja jioni ni giza na baridi. Basi sikukuu ya Martini ikahamia Mei. Kila Aprili aliwapeleka watoto mlimani kuangalia ule mti wetu wa kienyeji, aina pekee ya hapa inayopukutisha majani, ukigeuka dhahabu. Waliokota yaliyoanguka, wakayakausha ndani ya vitabu vizito vya shemeji, wakayabandika kwenye karatasi iliyopakwa mafuta. Hizo ndizo taa zetu. Kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na mtoto wa Sawyers Bend ambaye hakushika taa ya Mechthild. Wengi wenu mliokaa humu mlizishika. Sheria yake ilikuwa moja, na mnaijua: kila mtoto anazima mshumaa wake mwenyewe getini, kwenye pipa la mchanga, kabla ya kuingia ukumbini kupewa mtu wake wa mkate.

Padri Cormac alisoma karatasi hii juzi. Alipofika hapa akavua miwani. "Mama Hedwig, huu ni wasifu au mashtaka?"

"Ni wasifu, Padri. Mashtaka hayafuatiwi na chai."

Aliniomba niiondoe aya inayofuata. Nilisali juu yake jioni nzima, na sikuonyeshwa kwamba niiondoe.

Jumamosi tarehe 18 Mei 2013, baada ya matembezi ya taa, ukumbi wa parokia uliungua. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Kabla moshi haujaisha, Bi Glenys Pybus, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alisimama uwanjani akawaambia watu, "Nilishasema mishumaa ya huyu mama itatuua. Watu wa kuja hawasikii."

Marehemu alimwendea. "Glenys, taa zote zilizimwa getini. Ulikuwa umesimama pale pale karibu na pipa."

"Mimi najua nilichokiona, dada yangu."

"Na mimi najua ulichokiona."

Kamati ikampiga marufuku marehemu kuendesha shughuli yoyote ya watoto. Mwaka uliofuata likaanza Tamasha la Taa, na taa za betri zilizonunuliwa dukani, mwezi huohuo wa Mei, barabara ileile. Kibao kimewekwa mjini kinachosema kwamba mwanzilishi wake ni Glenys Pybus. Marehemu alipita mbele ya kibao hicho kila alipokwenda kununua unga, na kila mara aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyomsalimia yule sista wa mkasi.

Mwaka 2016 marehemu Merv Pybus, mume wa Bi Glenys, aliugua. Bi Glenys alikuwa na mikutano, kwa hiyo Mechthild ndiye aliyempelekea supu, nami nikimbebea sufuria. Siku moja Merv akamshika mkono. "Mechthild, ilikuwa hita ya ukumbini. Glenys alianika vitambaa vya meza juu yake, akasahau kuizima. Nilimwona."

"Mbona hukusema?"

"Mama, mimi ninalala naye nyumba moja."

Dada yangu akamsogezea kijiko. Halafu akasema, "Kunywa supu, Merv. Itapoa."

Njiani nikamgeukia. "Dada, kesho tunakwenda kwenye kamati."

"Hatuendi. Atasema mwenyewe."

"Asiposema?"

"Mimi nina hamira ya kutosha."

Kuanzia Mei ile, kila siku ya Tamasha, Bi Glenys alikuta mlangoni kwake mtu wa mkate, bado wa moto, amefungwa kwa kitambaa safi. Alikuwa na macho mawili ya zabibu. Mdomo hakuwa nao. Mwaka wa tatu walikutana dukani, mimi nikiwepo. Bi Glenys akacheka kidogo. "Asante kwa mkate, Mechthild, lakini naona kila mwaka unasahau mdomo."

"Sisahau, Glenys. Nakuachia wewe uuweke."

Bi Glenys akalipa, akatoka. Ya hita hakuyasema. Mkate ukaendelea kwenda kila mwaka, na kila mwaka kitambaa kilirudi kimefuliwa na kupigwa pasi.

Shemeji Ansgar alitutangulia tarehe 2 Agosti 2019. Februari mwaka huu marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Alikataa kulazwa mbali na jiko lake. Aliteseka, lakini hakulalamika, labda kuhusu chai yangu tu. Wiki ya Pasaka alipokea sakramenti zote. Padri akamuuliza kama amewasamehe watu wote. "Glenys nimemsamehe, Padri. Hita ndiyo sijaisamehe."

Siku mbili baadaye aliomba aletewe kiti jikoni. Alikanda unga ameketi, akipumzika kila mara, akafinyanga mtu mmoja. Akamwekea macho. Kisha akachagua zabibu kavu, akazirudisha, akachagua nyingine, akamwekea mdomo mpana kuliko wote niliowahi kuuona. Alipoiva na kupoa akaniambia nimweke kwenye friza. "Mpe Glenys siku ya kunizika. Mwambie nimechoka kumsubiri." Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 saa nne asubuhi, nyumbani, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini maziko hayakufanyika Jumatano, wakati kila kitu kilikuwa tayari. Jumatano haikutufaa. Leo Jumamosi ndiyo siku ya Tamasha la Taa, na saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake. Nimeambiwa taa za betri zimepangwa barabarani toka asubuhi na hakuna mtoto wa kuzishika, kwa sababu watoto wote wako hapa, na wazazi wao, ambao walikuwa watoto wa Mechthild. Mtakapotoka mlangoni mtapewa taa za karatasi zenye majani ya mlimani. Zina mishumaa. Pipa la mchanga liko getini, mahali pake palepale pa miaka ile, ili kila mtu azime ya kwake akimaliza, kama tulivyofanya siku zote.

Marehemu ameniacha mimi mdogo wake. Mwanawe Benedikt na mkewe Kirralee. Binti yake Roswitha. Wajukuu watatu, Lorenz, Imke na Tilda. Kaka yetu Heribert aliyeko Telgte, ambaye miguu haikumruhusu kusafiri. Na Bi Glenys Pybus, ambaye naamini amekaa humu kanisani, kwa kuwa hana mahali pengine pa kuwa jioni hii.

Bi Glenys, baada ya maziko kuna chai kwenye ukumbi mpya. Mtu wako wa mkate ametolewa kwenye friza, amepashwa moto, amewekwa katikati ya meza kuu, na hakuna atakayemgusa kabla yako. Safari hii mdomo anao.

Lala salama mikononi mwa Bwana, dada. Wewe umekwisha kungoja. Zamu ya kumngoja sasa ni yetu, na tumekaa.